Shangazi na Fomu ya Kufundishia

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa sita kamili mchana, Afisa Msajili wa Ndoa wa ofisi yetu atafunika kalamu yake na kuondoka kwenye dirisha la kwanza, alilolikalia kwa miaka thelathini na nne na miezi miwili. Mkuu wa ofisi ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Ameagiza usizidi ukurasa mmoja, uwe wa heshima, na usitaje mambo yaliyotokea mwaka huu. Agizo la pili nitajitahidi kulitimiza. La tatu haliwezekani hata kidogo, maana kila atakayehudhuria atakuwa amekuja kwa ajili ya hayo hayo ya mwaka huu, na ni afadhali ayapate kwangu kuliko kwa mpokea simu wetu. Kwa hiyo hata la kwanza limeshaharibika.

Humu ndani tunamwita Shangazi. Jina hilo alipewa na bwana harusi wake wa kwanza, kijana aliyetetemeka mpaka akashindwa kukumbuka jina la mchumba wake, akamgeukia afisa na kumwomba, "Shangazi, nisaidie." Alimsaidia, na tangu siku hiyo watu wazima, vijana, hata hakimu mmoja aliyekuja kuoa kwa mara ya pili, wote wamemwita hivyo.

Alipoajiriwa akiwa na miaka ishirini na mitatu, alipangiwa kazi ya kupiga chapa. Taipu aliyokabidhiwa ilikuwa imevunjika herufi ya "a", jambo ambalo kwa lugha yetu ni balaa. Alichapa hati nzima bila herufi hiyo, kisha akairudia kwa kalamu, akijaza "a" moja moja. Mwenyewe anasema huko ndiko alikojifunza subira. Sisi tunaofanya naye kazi tunadhani huko ndiko alikojifunza ubishi. Baada ya miaka miwili alipandishwa cheo, na tangu hapo amefungisha ndoa zaidi ya elfu kumi. Amefungisha ya bibi harusi mwenye mguu wa plasta, ya wazee wawili waliokuwa na vitukuu kila upande, na ya bwana harusi aliyezimia mara mbili, mara ya pili akazinduka na kujibu "ndiyo" kabla hajaulizwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuolewa, wala hakuwahi kuona sababu ya kumweleza mtu kwa nini. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba harusi elfu kumi zinamtosha mtu mmoja.

Fomu yetu ya ndoa ina mstari mmoja ambao maafisa wengi huupita bila kuutazama. Unamtaka afisa athibitishe kwamba wawili hawa wamekubaliana kwa hiari yao, wakiwa na akili timamu. Wengi huweka alama ya vema na kuendelea. Shangazi, katika mwaka wake wa kwanza dirishani, aliuliza afisa atajuaje. Mkuu wa wakati ule alimjibu kwamba mtu akiwa hajavua nguo barabarani, basi ni timamu, weka alama. Jibu hilo halikumridhisha. Akatafuta njia yake.

Chumba cha tatu kina meza ndefu ya mbao nzito. Mlango wake ni mwembamba kuliko meza kwa vidole vinne. Haipiti mpaka ilazwe ubavu, itangulizwe miguu, kisha izungushwe, na hakuna mtu anayeweza kuipitisha peke yake, wala wawili hawawezi kuipitisha bila kusemezana. Wachumba walipokuja kutoa taarifa ya ndoa, wakiwa bado na nguo zao za kila siku, Shangazi aliwatazama kwa upole na kuwaambia, "Wanangu, kabla hatujaandika, hebu nisaidieni kuhamishia hiyo meza chumba cha pili." Kisha akasimama kando na faili, akijifanya anasoma. Asubuhi meza ilikwenda chumba cha pili, mchana ikarudi cha tatu. Wakuu wa ofisi wanne waliopita hapa wote walistaafu bila kujua meza yao ya mikutano inakaa wapi.

Hakuwa anapima nguvu. Fundi magari mmoja na mshonaji wake walikwama mlangoni robo saa nzima. Walitukanana, wakawatukana na mawifi ambao hata hawakuwepo. Kisha mshonaji akabanwa kidole, na fundi, badala ya kumfokea, aliachia upande wake ukamdondokea mguuni ili kidole kitoke. Wakakaa chini wote wawili, mmoja akishika kidole na mwenzake akishika mguu, wakacheka mpaka machozi. Shangazi aliwaandika hapo hapo wakiwa sakafuni. Lakini bwana mmoja mtanashati aliipitisha meza ile kwa dakika moja tu, akitoa amri: inua, shusha, si hivyo, kulia. Mchumba wake hakutamka neno. Shangazi akamuuliza yule dada, "Na wewe, mwanangu, umeionaje kazi?" Yule dada, kabla ya kujibu, akamtazama kwanza bwana wake usoni. Shangazi akawaambia kwamba wino wa ofisi umekwisha.

Wino huo ulikwisha kwa wiki tatu. Wiki ya nne dada yule alikuja peke yake kushukuru, akauliza pia kama kuna kazi. Ndiye mpokea simu wetu hadi leo. Yule bwana naye aliandika barua ya malalamiko, Shangazi akaitwa na kuulizwa ni kifungu gani cha sheria kinachozungumzia meza. Alijibu kwamba sheria inamtaka aridhike, na yeye huridhika hivyo.

Wakati wa chai tulimchokoza atueleze akili timamu ni nini hasa. Alituambia kwamba mwenye akili timamu si mtu asiyekasirika. Ni mtu anayeweza kusema "hapa nimekosea mimi, sasa geuza upande wako" huku bado ameushikilia upande wake wa meza. Na mapenzi, akasema, ni kazi ya kawaida ya watu wawili ambao kwa bahati nzuri hawachoki siku moja. Wakichoka wote siku moja, waende wakalale, wasiamue kitu. Kuhusu maana ya maisha hakuwahi kutupa hotuba. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja na daftari kumhoji jambo hilo, akaambiwa asubiri foleni iishe. Foleni iliisha saa kumi jioni. Kijana aliondoka na kurasa sita za maandishi, na hakuwa amemuuliza swali hata moja.

Sasa inabidi nimlete Bwana Masijala.

Yeye anakaa ghorofa ya chini, katika chumba cha kumbukumbu, na kila nakala ya hati inayotoka juu lazima ipite mikononi mwake. Alifiwa na mkewe zamani, binti yake anaishi mbali, na kwa kadiri tunavyojua hajawahi kupoteza karatasi. Anasoma kila kitu, hadi jina la mpiga chapa lililo chini kabisa ya fomu. Amewahi kumrudishia Shangazi fomu kwa sababu ya nukta moja. Baina ya ghorofa zetu mbili kuna dirisha la ngazini. Shangazi akipanda hulifungua, ili watu wapate hewa. Bwana Masijala akishuka hulifunga, ili upepo usimtawanyie mafaili. Wamefungua na kufunga kwa miaka kumi na tisa, wakiambiana maneno ambayo Mkuu hataki yachapishwe. Zamani Bwana Masijala alikuwa akimwita "dada" hata katikati ya ugomvi. Wakati fulani aliacha. Akawa anaanza sentensi moja kwa moja bila kumwita chochote, na hakuna aliyetilia maanani.

Miaka kumi na moja iliyopita tuliletewa makarani wapya wawili. Shangazi alipotaka kuwafundisha, fomu za mfano zilikuwa zimekwisha. Akachukua fomu halisi yenye namba, akamwita Bwana Masijala aliyekuwa akipita, akamwambia asimame pale awe bwana harusi kwa dakika kumi, yeye mwenyewe awe bibi harusi. Akajaza jina lake na la mwenzake, tarehe za kuzaliwa, kila kitu cha kweli, maana Shangazi hawezi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali hata kwa kufundishia. Wakainua mikono, wakasoma maneno, wakatia saini. Makarani wakatia saini za mashahidi. Kisha mmoja wa makarani hao, ambaye kwa sasa hatutamtaja, akaambiwa aandike neno "batili" kwa wino mwekundu na kuiweka kando. Karani huyo alikuwa ameshika muhuri kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aligonga palipotakiwa kugongwa, akagonga na pengine palipokuwa na nafasi. Neno lenyewe akalisahau. Fomu ikaenda pamoja na ndoa nyingine nne za siku hiyo, nakala moja makao makuu, nyingine masijala.

Miezi minane iliyopita Shangazi alijaza fomu ya kustaafu. Kwenye hali ya ndoa akaandika: sijaolewa. Fomu ikarudi na barua fupi, kwamba kumbukumbu zinaonyesha umeolewa, tafadhali sahihisha na utaje jina la mume. Alicheka, akadhani wamemchanganya na mtu mwingine, akairudisha kama ilivyo. Ikaja tena, safari hii imeambatanishwa na nakala ya hati. Aliisoma akiwa amesimama. Akautambua mwandiko wake. Akauona muhuri umegongwa mara mbili, mara ya pili kichwa chini miguu juu, akaita jina langu.

Ndiyo, ni mimi. Nilikuwa nakunywa chai, na chai ile ilipita njia isiyo yake.

Kwa muda wa nusu saa hakukuwa na kazi katika ofisi hii. Tulicheka mpaka watu wa kwenye foleni wakaingia ndani kuuliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakacheka. Mpokea simu alipendekeza mume na mke wapewe meza wahamishe. Shangazi mwenyewe alikuwa anacheka, amejishika mbavu, halafu nikamwona anaacha. Alikuwa amekumbuka jambo ambalo sisi wengine hatukulifikiria. Nakala ya pili ilikwenda chini. Ilipita mikononi mwa mtu asiyepitwa na nukta.

Alishuka ngazi. Nilimfuata mpaka kwenye dirisha la ngazini na kuishia hapo, nasema ukweli. Bwana Masijala alikuwa amesimama, faili tayari liko mkononi, kwa hiyo kicheko chetu kilikuwa kimemfikia.

"Niliiona wiki ile ile," alisema. "Nilitaka kukuletea. Ukawa na mafua. Halafu ikawa mwisho wa mwaka. Halafu nikaona aibu."

"Mafua ya miaka kumi na moja?"

"Hapana," alisema. "Miaka iliyobaki niliipenda tu ile hati. Nikifika nyumbani hakuna wa kusema naye, nakumbuka kwamba kuna mahali pameandikwa majina yetu pamoja."

Hapo mtu mwingine angelainika. Mimi nililainika, na sikuwa nahusika. Shangazi alisema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Uliipenda peke yako. Watu elfu kumi nimewauliza kama wanataka. Elfu kumi. Wewe ukaona mimi ndiye nisiye na haja ya kuulizwa."

Akapanda juu, akapita mbele yangu bila kuniona.

Kilichofuata hakikuchekesha. Kwa siku arobaini na tatu dirisha la ngazini lilibaki limefungwa, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Meza haikuhama. Wachumba walipita na kuandikwa bila kubeba chochote, na Shangazi aliweka alama ya vema kwenye mstari wa akili timamu kama afisa mwingine yeyote. Tuliogopa. Alikuwa ametumia maisha yake yote ya kazi kuhakikisha mtu hafanyiwi uamuzi na mwenzake, na sasa alikuwa anakaribia kuondoka akiamini kwamba hapa hapa, chini ya ngazi zake, yeye ndiye aliyefanyiwa. Mimi niliyesababisha nilijaribu kuomba radhi mara tatu. Mara zote alinijibu kwamba kusahau si kosa kubwa, nirudi dirishani.

Bwana Masijala si mtu wa maneno. Alifanya anachokijua, yaani karatasi. Aliandika maelezo ya kurasa tatu kuomba hati ile ibatilishwe, akajitwika lawama yote, na jina langu hakulitaja hata mara moja. Alikwenda mahakamani mara nne, akasimama kwenye foleni, akaambiwa njoo kesho, akaambiwa aliyeshika faili yuko likizo, yaani alionja dawa ambayo sisi huwapa wengine kila siku. Hakimu alipomuuliza kwa nini alificha, alijibu, "Nilikuwa mwoga, mheshimiwa." Shangazi alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema aliyoyaeleza ni kweli. Ndoa ikabatilishwa kwa kuwa haikutangazwa na wahusika hawakuwa na nia ya kuoana. Aliposomewa sehemu hiyo ya nia, Bwana Masijala alitazama viatu vyake.

Siku iliyofuata alipanda juu na hukumu mkononi, pini ikiwa kwenye kona inayotakiwa. Alisimama nyuma ya wachumba wawili mpaka zamu yake ikafika.

"Sasa uko huru," alimwambia Shangazi kupitia dirishani. "Nimehakiki kila ukurasa. Ile fomu yako ya kustaafu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nisamehe."

Akashuka zake. Shangazi akaisoma hukumu kuanzia neno la kwanza. Alipofika ukurasa wa mwisho alisimama, akarudia, kisha akachukua kalamu nyekundu. Tarehe ilikuwa imekosewa mwaka. Mtu yule, aliyerudisha fomu za watu kwa sababu ya nukta, alikuwa amepitwa na mwaka mzima. Shangazi akaandika pembeni, "Irudishwe. Tarehe si sahihi," akanipa niipeleke chini, na nilipoipokea nikaona midomo yake inacheza.

Bwana Masijala alipanda ngazi akikimbia, kwa umri wake. Wakabishana pale ngazini kama kosa ni la karani wa mahakama au la mtu aliyejidai amehakiki. Wakabishana nusu saa. Ofisi nzima iliacha kupumua ili isikie vizuri. Kesho yake asubuhi tulikuta dirisha wazi.

Mahakama ilisahihisha tarehe wiki hiyo hiyo. Waliyozungumza hao wawili katika miezi iliyofuata mimi siyajui. Mpokea simu naye hayajui, na hilo peke yake linaonyesha yalikuwa mazungumzo ya maana. Tuliona tu kwamba chai ya saa nne Shangazi alianza kuinywea chini, na kwamba kila aliporudi alikuwa na jambo la kulalamikia.

Ijumaa tarehe tisa mwezi huu waliingia kwa mlango wa mbele, kama wateja, wakachukua namba. Shangazi alikuwa ameniomba nimshikie dirisha la kwanza kwa saa moja, hakusema kwa nini. Nilipoinua macho nikawaona wamekaa kwenye benchi, kati ya kijana wa kuuza simu na mwalimu wa watoto wadogo, nikawaita mbele. Shangazi akatikisa kichwa. "Fuata utaratibu, mwanangu." Walisubiri dakika hamsini. Zamu yao ilipofika waliomba fomu ya taarifa ya ndoa, na mimi nilimpa kila mmoja kalamu yake kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Tangazo lao limebandikwa ubaoni kwa siku ishirini na moja zinazotakiwa na sheria, ambazo zinaisha Ijumaa hii. Hadi kijitabu hiki kinakwenda kuchapwa, hatujapokea pingamizi. Saa sita mchana Shangazi atakoma kuwa Afisa Msajili, na saa nane, baada ya hotuba ya Mkuu, atakaa upande wa pili wa meza. Mimi ndiye niliyepangiwa kufungisha. Muhuri utashikwa na mpokea simu, kwa makubaliano ya wafanyakazi wote.

Kwa niaba ya wenzangu, na ya watu zaidi ya elfu kumi waliowahi kuulizwa na wewe na kungojewa wajibu, tunakushukuru, Shangazi. Tunawashukuru pia wale uliowaambia wino umekwisha, kwa kukuamini.

Jambo moja niliruhusiwa nami kuliuliza, siku ile ya tarehe tisa, alipokuwa akijaza fomu mbele yangu. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue kuanza upya na foleni, tangazo na siku ishirini na moja, wakati alishakuwa na ndoa ya miaka kumi na moja isiyomletea shida yoyote, na wangeweza kuiacha tu iendelee. Hakuinua kichwa. Alimalizia kwanza jina la mwenzake, herufi kwa herufi.

"Ile sikuwepo," alisema. "Hii nataka niwepo."

Nenda salama, Shangazi. Tunakutakia siku nyingi, na uwepo katika kila moja.